Dirisha la Paani

Mwanangu mpendwa,

Kosa la wengi wanaopachika dirisha kwenye paa la gari ni kuchomelea mfululizo, kona hadi kona. Bati la paa ni jepesi. Likipata moto mwingi hujikunja. Unapiga nukta moja huku, nyingine upande wa pili, kisha unangoja lipoe.

Ndivyo nilivyofanya. Kipande chenye dirisha nilikikata kwenye gari bovu la aina ileile, nikakichomelea kwenye gari letu kuukuu, kwa sababu mama yako alitaka kutazama mawingu tukitembea. Kuketi kulikuwa kumeshamshinda kwa ugonjwa. Angelala kiti cha nyuma.

Kila asubuhi aliniita kutoka kitandani: "Mzee, unatengeneza paa au unaliposa? Nipeleke hivyo hivyo, mvua ikinyesha tutalowa wote!"

"Vumilia, mama watoto. Mshono bado."

Siku ya kumi na saba ya kazi hiyo akafariki. Mshono niliumaliza baada ya mazishi. Ni safi, hata ukipapasa kwa kidole huupati. Sijaliendesha gari hilo mpaka leo.

Tundu la paani lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, mwanangu. Mawingu yangeonekana.

Umeniandikia kwamba dada yako ameruhusiwa kutoka hospitali, ila utamchukua ukishamaliza kupaka chumba chake rangi, maana unataka akute kila kitu kimekamilika. Najua umerithi wapi tabia hiyo. Acha brashi ndani ya kopo, umfuate leo.

Baba yako