Mayu, Jimu Yangu Ilikuwa Uwani Kwako

Kwako Mayu, mama wa mume wangu,

Juzi nilikwenda kupima presha. Muuguzi, binti wa rika la wajukuu zako, alinifunga ule mkanda mkononi, akatazama, akaufungua, akaufunga tena. Nikaanza kuogopa. Kumbe alikuwa haamini kwamba presha yangu ni nzuri vile. Akaniuliza, "Mama, mazoezi unafanyia jimu gani?"

Nilicheka mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Jimu gani! Hapa Bariadi nimezisikia, zina vioo na muziki wa kupasua masikio, na sijakanyaga hata moja. Nilitaka kumwambia kwamba mwalimu wangu alikuwa bibi mmoja wa Zagayu, kanga mbili na katambuga za matairi miguuni, mwenye ulimi mkali kuliko dawa ya kidonda. Nikaona foleni ni ndefu. Nikajibu tu, "Natembea, mwanangu." Tangu nirudi nyumbani sina raha. Kuna mambo nilipaswa kukushukuru ukiwa unanisikia, na kuna moja nilipaswa kukuomba radhi, nikakosa ujasiri. Nimechukua kalamu kwa sababu hiyo.

Unakumbuka siku ya kikao cha ukoo? Nilishuka kwenye bodaboda pale kwako mnene wa haja, kitenge kimenibana, natweta kana kwamba pikipiki niliibeba mimi. Kazi yangu ya masjala uliijua: ni kukaa. Nilikaa ofisini, nilikaa kwenye bodaboda, nilikaa sebuleni. Saa nne chai na chapati mbili, mchana wali, jioni soda ya baridi kwa sababu nimechoka kukaa. Daktari alikuwa ameshanionya. Presha juu, sukari inanyemelea, magoti yanalemewa. "Fanya mazoezi, mama, la sivyo..." Hakumalizia.

Hakuhitaji kumalizia. Mama yangu mzazi alipigwa kiharusi nikiwa msichana, akalala kitandani miaka miwili, na mimi ndiye niliyekuwa namgeuza. Najua jinsi mtu mzima anavyoutazama ukuta wakati mwanawe anamvua nguo. Hicho ndicho nilichokiogopa kuliko kufa, Mayu: kuwa mtu wa kugeuzwa. Na bado kila asubuhi niliita bodaboda.

Siku ile baba wadogo watano wa mume wangu walikuwa wameketi kwenye kivuli cha nyumba yako. Mkamwana hawasalimii wakwe zake akiwa amesimama, hata awe na cheo gani mjini. Nikapiga magoti. "Mwangaluka," nikasema, wakaitikia mmoja baada ya mwingine, wakauliza watoto, wakauliza mvua ya Bariadi, wakauliza kazi. Salamu zetu hazina haraka. Zilipokwisha nikataka kunyanyuka, goti likakataa. Nikajaribu la pili, nalo likakataa. Nikatabasamu. Wazee wakanyamaza wakisubiri niondoke waendelee na kikao, nami nimeganda pale chini, jasho linanitoka mgongoni. Niliwaza niombe kunyanyuliwa na baba wakwe, nikaona heri ardhi ipasuke inimeze.

Wewe ulikuwa pembeni unachagua choroko. Ulinitazama mara moja tu. Kisha ungo ukakuponyoka, choroko zote zikamwagika chini.

"Haa! Mikono ya uzee hii!" ukalalamika. "Mama Masunga, hapo hapo ulipo, nisaidie kuokota."

Ukaja ukapiga magoti mbele yangu. Mama mkwe kupiga magoti mbele ya mkamwana, na shemeji zako watano wanatazama! Tuliokota choroko taratibu, wazee wakachoka kututazama wakarudi kwenye habari zao za ng'ombe. Ungo ulipojaa ukanong'ona, "Shika bega." Nikashika. Tukanyanyuka pamoja, wewe uliyepita miaka sabini na mimi wa arobaini na minne, na aliyemnyanyua mwenzake ni wewe. Hakuna aliyejua. Hukulisema kamwe, hata kwa mwanao.

Aibu ile ilinichoma, na kesho yake kulipopambazuka nikavaa suti ya michezo niliyonunua mnadani, nikashika njia ya lambo la kunyweshea ng'ombe, nikaanza kukimbia. Nilisahau niko wapi. Mjini mtu akikimbia asubuhi ni mazoezi. Zagayu mama mzima akikimbia asubuhi, ama kuna msiba, ama ng'ombe wameibwa. Jirani yako alikuwa anatoka na jembe begani, akaniuliza kuna nini. Sikuwa na pumzi ya kumjibu, nikanyoosha mkono mbele kumwonyesha kwamba naenda kule. Mungu wangu, ule mkono! Jembe lilianguka, na mzee wa watu akapiga mwano, lile yowe ambalo mwanamume akilisikia anaacha hata uji mdomoni. Wakatoka kila kaya na fimbo, pinde na mishale, wakanipita mbio kuelekea nilikoonyesha. Nami kwa kuwaona nikashikwa na hofu, nikaongeza mwendo, ndipo wakazidi kuamini. Walifika lamboni kabla ya kuanza kuulizana walioibwa ni ng'ombe wa nani.

Ulikwenda wewe kuwaeleza. Nilikusikia kwa masikio yangu: "Hakuna ng'ombe aliyeibwa. Huyu anafukuza kitambi chake." Kiongozi wa sungusungu akakumbusha kwamba mwano wa bure una faini. Ukamjibu kwamba mkamwana wako hakupiga mwano, alipigiwa, amfuate mwenye jembe.

Tulipofika nyumbani ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Ukajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Likizo yako imebaki siku ngapi?"

"Wiki tatu, Mayu."

"Basi jasho utalipata humu humu uwani. Usiwasumbue waume za watu."

Hizo wiki tatu, Mayu! Ulinipa mtama nitwange, ukasimama nyuma yangu na kijiti. Nikitwanga kwa mkono mmoja muda mrefu, kijiti. Nikikunja mgongo, kijiti. Kufagia uwanja ulinikataza kuinama, ukataka nichuchumae niende hivyo hivyo mpaka zizini. Maji hukutaka nijitwike ndoo kubwa kama wenzangu, ulinipa madumu mawili madogo, moja kila mkono, eti upande mmoja wa mwili usije ukauonea mwingine. Nilipolala chali kwenye mkeka kwa uchovu, ulisema kwa kuwa nimeshalala nikiwa mzigo, basi ninyanyue miguu nisiwe mzigo wa bure. Hukuwahi kuingia darasani. Sijui vitu hivyo ulivitoa wapi, nadhani ulikuwa unatazama tu miili ya watu tangu ukiwa mtoto.

Na juu ya yote hayo ukawa kiziwi.

Natoka ndani asubuhi, nashuka chini: "Mwangaluka, Mayu." Nanyanyuka kwa kushika mlango. "Eh? Umesemaje?" Nashuka tena. "Sema kwa nguvu, ng'wanone, mwanangu wee, masikio haya hayafai." Nashuka mara ya tatu. Natoka kisimani, hivyo hivyo. Natoka chooni, hivyo hivyo! Siku moja nilihesabu nikafika mara ishirini na sita, na chakula cha mchana hakijaiva. Mapaja yaliwaka moto. Nilianza kukuchukia, Mayu. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Jioni ile nilipanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya zizi, kunakoshika mtandao, nikampigia mwanao aliyekuwa Malampaka kikazi. Nilimwambia mama yake amekuwa kiziwi na akili nayo inamtoka. Nikasema unaninyanyasa. Nikasema ndugu wakae, wakugawane kwa zamu kabla hujatushinda, na kwamba zamu yangu nisihesabiwe. Akasema tu, "Vumilia, Mama Masunga." Nikakata simu kwa hasira. Niliposhuka nilikuta umenibakizia maziwa mgando kwenye kibuyu, umeyafunika vizuri, nikayanywa yote bila kukushukuru.

Siku mbili zilipita. Tulikuwa tumekaa jikoni tunamenya viazi, ukainua kichwa ghafla. "Kuku ameingia ghalani." Mimi sikuwa nimesikia chochote. Nikaenda kuangalia, kweli yumo, anaparua mtama taratibu kana kwamba amealikwa. Nikarudi, nikasimama mlangoni.

"Mayu, umemsikiaje?"

"Kwani mimi kiziwi?"

"Lakini salamu zangu..."

Ukanielekezea kisu magotini. "Viziwi walikuwa hao. Leo asubuhi umenyanyuka bila kushika mlango. Umejua?"

Sikujua. Nilisingizia moshi, nikatoka nje kulia. Na nilipokuwa nje nikalitazama ghala, nikalitazama na lile jiwe, nikaona umbali kutoka jikoni ni ule ule. Mpaka leo sijui kama ulinisikia. Ulikaa miaka minne mingine hujanigusia hata kwa fumbo, wewe uliyekuwa hujui kulaza neno mdomoni. Kama ulinisikia, basi yale maziwa ulinibakizia ukiwa umeshanisikia. Nisamehe, mama yangu. Niliyasema nikiwa mjinga na mwenye kuumwa mapaja. Ningekwambia zamani, lakini kila nilipotaka kuanza ulikuwa unanitania jambo fulani, nami nikafurahi kupata kisingizio.

Nilirudi Bariadi na mwili unaouma kwa namna mpya. Bodaboda nikaacha. Vijana wa kijiweni wanaponiona napita wanapiga kelele, "Mama Masunga, leo tena kwa miguu? Unatuua njaa!" Ofisini nanyanyuka kwenye kiti mara kumi kabla ya chai, bila kushika meza, na mwenzangu wa masjala aliyekuwa akinicheka siku hizi ananihesabia. Ugali ukiwa jikoni nasukumana na ukuta. Kwenye foleni ya benki nasimama kwa vidole vya miguu, nashuka, nasimama, watu wanadhani nachungulia kama mhudumu amerudi. Nikisafiri kikazi chumba cha kulala wageni kinatosha, nahitaji nafasi ya mkeka tu. Chapati sikuziacha, sitakudanganya, ila imebaki moja. Mara nyingine nakaa wiki nzima nimezembea, ni mtu na si malaika, kisha naanza upya. Nimetimiza miaka hamsini na ninapanda kile kilima cha mawe cha hapa kwetu bila kupumzika njiani.

Na yote hayo, Mayu, nilikuwa nadhani nayafanya kwa ajili yangu.

Miguu yako ilipokuja kugoma, mwanao akakuleta kwetu. Ulikuja umenuna, unasema mjini hata jogoo wanawika kwa kuchelewa. Yeye alikuwa akiondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa, watoto wetu wako shule za bweni, tukabaki wawili. Jirani alisema nitafute msichana wa kunisaidia kukunyanyua. Siku ya kwanza ulikataa kunitazama, uliutazama ukuta, na ule utazamaji mimi niliufahamu. Nikakuambia tu tunakwenda kuota jua. Nikachuchumaa, nikakukumbatia, nikanyanyuka nawe kwa mapaja yangu mwenyewe, na hatukuyumba. Tulipofika barazani ukasema, "Taratibu wewe, mimi si gunia la pamba," na ndipo nikajua umerudi kuwa wewe. Miezi mitano kila asubuhi nilikutoa nje na kila jua lilipokuwa kali nikakurudisha. Kama ungenikuta vile nilivyokuwa zamani, tungelala chini wote wawili tukingoja majirani. Nashukuru sana kwamba hukunikuta hivyo. Namshukuru Mungu, na baada yake nakushukuru wewe, kwa sababu nguvu nilizokubebea ulizitia wewe mwenyewe kwa kijiti.

Siku ulipotutoka tulikurudisha Zagayu. Wanawake wa ukoo walipojiandaa kukuosha, wakasema waitwe watu watatu wa kukunyanyua. Niliwaambia waniachie. Nikapitisha mkono mmoja chini ya mabega yako na mwingine chini ya magoti, nikakunyanyua, nikakushikilia wakati wanakuosha mgongo na kubadilisha mkeka. Walichukua muda. Wifi yangu mkubwa akanigusa, akasema, "Mweke sasa, utachoka."

Sikuwa nimechoka, Mayu. Ningekushika mpaka jioni.

Wabeja. Wabeja sana, asante kwa yote. Pumzika huko uliko, na ukikuta watu wamekaa tu, naomba usiwasumbue.

Mimi mkamwana wako,
Mama Masunga