Aliyeandikwa ni Yohane

Lushoto, 14 Julai 2002

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na ukungu wa huko Zirai umekuachia kidogo. Mimi ni mzima wa mwili. Yohane naye mzima, tena amenenepa. Dada Yudith anayekusomea namsalimu, na asiruke mistari.

Mama, uliposikia kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, ukawatangazia wenzako wachuma chai kwamba siku hizi naandika watu kazi. Nilicheka, mpaka mdogo wangu Yohane alipowasili na godoro lake, akisema ameacha kiwanda, amekuja kuandikwa. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaandikwa. Bwana Edgar, mwenye ofisi, aliahidi kunipa mkataba programu ikikamilika. Lakini Yohane alipendewa urefu wake, akawekwa mlinzi wa mlango, kwa mkataba wenye mhuri.

Programu yenyewe inazishika kurasa za intaneti ndani ya kompyuta, ili programu nyingine zizisome na kuzibadili. Mimi nilitengeneza amri za kufungua ukurasa, kuandika ndani yake na kuufunga. Ukiandika kabla ya kufunga, maneno yanaongezeka. Ukiandika ukishafunga, ukurasa unaanza upya na vya mwanzo vyote vinafutika. Ndivyo intaneti ilivyo, sikuitunga mimi. Wewe huna haja ya kuelezwa sana: shamba lilipobinafsishwa, si mlianza upya kama vibarua wageni?

Wateja walikuja kutoka Tanga kuona. Ukurasa wa hoteli yao ulitokea vizuri, nikaufunga. Bwana Edgar akasogea, eti aongeze jina lake chini. Nikamwambia, bosi, huo umeshafungwa. Akasema nisimfundishe kuandika. Hoteli ikafutika yote, likabaki jina lake peke yake kwenye weupe. Mteja mmoja akauliza kama ndiyo hoteli yenyewe.

Mama, nimezunguka sana. Jambo lenyewe ni kwamba nimefukuzwa. Kesho yake nilifuata koti langu, nikamkuta Yohane mlangoni. Akasema, kaka, shikamoo, nimeagizwa nisikufungulie. Machozi yalikuwa yanamlenga. Nikamwambia asimame wima, aliyeandikwa ni yeye. Koti akanipitishia dirishani.

Jioni alirudi na unga na maharage. Tukapika, tukala.

Tafadhali usimwambie aache. Kodi ya chumba sasa analipa yeye.

Wasalimie wote hapo kambini. Watakaoniulizia, waambie napumzika.

Mwanao,
Elisante