Kinyesi Mlangoni kwa Mzee Breki

Dada yangu,

Hujambo? Goti lako je, unaweza kulikunja sasa? Na wapwa zangu wanakula vizuri? Mwambie shemeji lile shati alilonipa bado nalivaa. Mimi ni mzima. Bado nafagia jengo lilelile, natoa taka za ghorofa zote nne, na chumba changu ni kilekile chini ya ngazi. Barua hii isome ukiwa peke yako.

Yule mzee wa chini, dereva wa basi mstaafu, wanayemwita Mzee Breki, ana mbwa. Alimpa jina Konda, maana anamfuata nyuma kutwa nzima na kumpigia kelele. Mzee ni msafi, Dada. Akimtoa Konda hakosi mfuko wa nailoni. Mbwa akimaliza, anaokota, anafunga fundo, anatupa kwenye pipa. Wengine humu mbwa wao wanajisaidia pale watoto wanapochezea mpira, wenyewe wako na simu.

Mwezi huu kinyesi kikaanza kuonekana kila asubuhi mbele ya mlango wake. Mama Mwenyekiti wa wapangaji akaitisha kikao. Akasema watoto wataugua, kwa hiyo mwenye mbwa aokote kwa mkono wake, mfagiaji asimsaidie. Na kisipokoma, mbwa aondoke au mzee ahame naye. Mzee akajitetea kwamba Konda hana tabia hiyo. Akaulizwa kama yeye mwenyewe anakumbuka jana alikula nini. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo mzee akaanza kuamini kwamba mbwa kazeeka, kwamba akimfungulia alfajiri akojoe ndipo anapoharibu.

Magoti ya mzee hayakunjiki. Lazima ashike ukuta, ashuke kidogokidogo. Watu wanatoka vibarazani na vikombe vya chai kumtazama. Mmoja anamwambia aweke rivasi. Mwingine anamwambia abiria wameshashuka, mzee, funga mlango. Watoto nao wanamwigizia honi kwa midomo. Yeye anaokota tu, halafu anamgombeza Konda kwa sauti ya chini, na Konda anamlamba sikio.

Mimi nasimama na fagio langu. Unanijua, mbele za watu ulimi unakuwa mzito.

Lakini si ulimi tu, Dada. Kinyesi kile ni cha mbwa wa Mama Mwenyekiti. Anavitaka vile vyumba vya chini, mama yake mzazi hawezi ngazi. Aliniambia nikikataa, chumba changu kina watu wengi wanakitaka. Kila alfajiri ananipa mfuko, nami naenda kuumwaga pale.

Jana niliumwaga tena. Vibaraza vikajaa kama kawaida. Mzee akafungua mlango, akatoka peke yake. Akatazama chini muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nikainamisha uso. Huko juu mtu akamwambia apige honi. Akashika ukuta, akashuka, akaokota, akafunga fundo lake. Alipotaka kuinuka alishindwa. Nikamshika mkono. Akanisogezea mdomo sikioni, akaniambia kwamba Konda hayupo. Juzi jioni alimpeleka kwa daktari wa mifugo akachomwa sindano ya kufa, maana yeye hana pengine pa kuhamia, na mbwa mzee kama yule nani angemchukua. Akaniwekea mfuko mkononi. Akasema mbwa wa kinyesi hiki ana minyoo, nimwambie mwenyewe ampe dawa, watoto wanacheza hapa.

Nikapanda ngazi, nikamwambia Mama Mwenyekiti yote. Akanishukuru kwa habari ya minyoo. Akauliza kama mzee sasa atahama. Nikasema hapana, mbwa ndiye aliyeondoka, yeye anabaki. Akafikiri kidogo, akasema basi kesho tuanze na maji machafu.

Nikaitika, ndiyo mama.

Leo asubuhi nimemwaga ndoo mbili. Mzee ametoka na kitambaa.

Wabusu wapwa zangu, na mama msalimie, ila usimsomee.

Ni mimi, mdogo wako.