Ngoma ya Kanisa Mikononi Mwangu

Jumapili, 1 Januari 2023
Mwaka umeanza kwa mlio mbaya. Tulikuwa ubeti wa tatu, watu wanazunguka kwa kucheza mbele ya mimbari, Pu Sangluaia mpigaji wetu kainua mkwiro — pa! Ngozi ya ngoma imepasuka ukingo hadi ukingo. Tukamalizia kwa makofi. Makofi! Kanisa zima likaimba kama watu waliopotezana njiani.

Ngoma ile aliiwamba marehemu baba miaka ishirini na mitatu iliyopita. Mimi ndiye niliyemshikia kamba. Hakuna anayekumbuka. Mimi nakumbuka.

Jumatatu, 2 Januari
Kamati imekaa. Tarehe 11 ni Siku ya Kufika kwa Injili, vijiji vitatu vinakuja kwetu, na ngoma hatuna. Upa Rokima, mzee wetu wa kanisa, kasema tuazime ng'ambo ya bonde. Sangluaia kasema wa ng'ambo ndio hao hao wageni wetu, tutawapokea kwa ngoma yao wenyewe? Fundi wa ngoma wa mjini Aizawl yeye kajibu kwa simu: Februari.

Nilikuwa nagawa chai na wanawake wenzangu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi naweza kuiwamba."

Kicheko.

"Pi Zodini," kasema Upa Rokima, "hii si nguo ya kufuma."

"Nguo nafuma nikisinzia, Upa. Hii nitakuwa macho."

Mchungaji ndiye aliyewakata kicheko. Nijaribu, kasema. Jaribu — neno dogo tu, lakini nimelibeba hadi nyumbani kama zawadi.

Jumatano, 4 Januari
Ngozi ya ng'ombe aliyoiacha baba bado ilikuwepo darini, imefungwa kwa gunia. Nimeiloweka tangu jana, leo nimeipara manyoya. Mikono inajua! Nilidhani imesahau. Nimeitandaza juu ya meko, kwenye uchaga, ipate kukauka kidogo usiku huu.

Alhamisi, 5 Januari
Imeharibika.

Juu ya meko ndipo kila kitu chetu hukauka. Nyama, samaki, mbegu za mwakani, hata viatu vya mvua. Mkono ukaipeleka huko bila kuniuliza. Na baba hakuwahi — ngozi hukaukia juu ya ngoma yenyewe, kivulini, penye upepo. Nilijua! Asubuhi nimeikuta ngumu kama ubao, imejikunja, nilipoivuta ikapasuka.

Jirani yangu Pi Biaki kaja, kacheka hadi kashika mlango. "Shoga, ikate vipande basi, tuichemshe na majani ya haradali!" Kisha kaketi nami kaacha kucheka. Kaninong'oneza: sema mgongo umekukaza. Nani atajua?

Nimeuonja uongo ule, ukawa mtamu. Yule mtumwa aliyefukia talanta yake, siku zote wanatuambia alikuwa mvivu. Leo nadhani aliogopa kuchekwa tu. Na bwana wake hakuupokea udhuru huo.

Ijumaa, 6 Januari
Nimekwenda kwa Upa Rokima. Kijiji kizima hakuna ngozi nzima ya ng'ombe ila yake, ya ng'ombe aliyechinjwa kwenye harusi ya mwanawe. Anaikalia kibarazani kila jioni.

Kwanza nimekiri. Sikumngoja Pi Biaki anitangulie.

"Umeharibu moja kwa siri," kasema, "sasa unataka yangu hadharani?"

"Ndiyo, Upa."

"Na ikipasuka mbele ya wageni?"

"Nitasimama niseme ni mimi."

Kanitazama weee! Mkewe kasema toka ndani, "Mpe, mwanamume wewe, ushaikalia miaka sita, imeota umbo lako." Kasimama. Hakusema amenipa. Aliingia ndani tu, akaiacha pale sakafuni.

Nimeibeba begani katikati ya barabara, saa ambayo watu wote wako nje. Waniulize. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 7 Januari
Siku ya maisha yangu! Nimeamka kabla ya jogoo. Ngozi niliyoiloweka usiku ilikwishalainika. Nikaipara, nikaikata duara, nikatoboa matundu ishirini na nne ukingoni. Kamba nimezikata kutoka mabaki ya ngozi hiyo hiyo, nikizungusha kisu kidogo kidogo hadi zikawa ndefu. Sangluaia kaja kunisaidia kuvuta. Alianza kunielekeza. Baada ya kamba ya tatu akanyamaza, akawa anasubiri nimwambie vuta, na akavuta.

Vuta, Pu Sangluaia. Legeza. Vuta tena. Mimi, niliyeishia darasa la sita!

Nimeiweka kivulini, penye upepo. Vidole vimechubuka, siwezi kufunga hata kifungo. Najisikia mkubwa. Nimemwuliza Mungu kama ni dhambi. Sijasikia katazo.

Jumapili, 8 Januari
Sabato. Sikuigusa. Ibada zote nimekalia mikono.

Jumanne, 10 Januari
Imelia!

Nilimwomba Sangluaia aipige uani kwangu. Kapiga mara moja tu, polepole. Pi Biaki alikuwa anamenya vitunguu saumu vya karamu ya kesho, kisu kikamdondoka. Sauti nene, yenye tumbo, inakwenda hadi ng'ambo halafu inarudi. Sangluaia alitazama chini. Akasema, "Mzee wako yumo humu." Nikamwambia, yumo, lakini kamba ni zangu.

Ee Bwana, ulinipa hii na nimeiweka darini miaka mingapi?

Upa Rokima kapita mara mbili barabarani. Hakuingia.

Jumatano, 11 Januari
Naandika nimesimama. Masufuria ya nguruwe yanachemka tangu alfajiri, wageni wamejaa, wengine wamekaa kwenye ngazi. Ukungu wa leo ni mzito, unaingia hadi ndani ya kanisa. Na ngozi mpya hunywa ukungu. Nilikuwa nafunga kiunoni puan yangu nyeusi ya kufuma nikasikia pigo la kwanza kutoka kanisani — zito, limelegea.

Sasa hivi Upa Rokima yuko mlangoni kwangu. Yeye mwenyewe, na suti.

"Pi Zodini, imelegea. Watu wameketi. Njoo uikaze."

Nikamwuliza nipite mlango wa nyuma wa kanisa?

"Ngoma iko mbele," kasema. "Utaikazaje ukiwa nyuma?"

Nimemwambia anipe dakika, namalizia kuvaa. Mungu anisamehe, nimeshavaa. Nilitaka tu niandike haya kabla sijajua yatakavyokuwa. Nyundo ya mbao ninayo. Kabari mbili za kupigilia chini ya kamba. Huko kanisani, hatua chache tu toka hapa, Sangluaia anaigonga kwa mkwiro, taratibu, nami nasikia ilipolegea — upande wa kushoto, kamba ya tano, na ya sita. Nakwenda, kwa mlango wa mbele.