Mkubwa Hatetemeki

Nateete, Kampala
4 Machi 1974

Kwa dada Fatumah, Kibra,

Assalaam alaikum. Shemeji hajambo? Na kikohozi cha watoto? Sisi tunapumua, alhamdulillah, ila hata kupumua siku hizi ni kwa wizi. Barua hii nimempa Wahabi dereva wa lori mkononi, maana posta ina macho.

Dada, wamemshika Jalia wangu. Unajua mke wangu huyo anampikia yule Kapteni wa jeshi. Juma lililopita Kapteni aliamka kichwa kinampasuka, shingo imekakamaa, anatapika. Askari wake wakasema mpishi kamlisha sumu. Wamemfungia chumba cha uani, hukohuko kwa Kapteni. Kapteni akipona, watamwachia. Akifa, basi, sitaki kuandika.

Wakaniletea maji ya uti wa mgongo wa Kapteni hapa maabara, wakaniambia niandike sumu. Nikayatia wino mweusi, nikachungulia kwenye hadubini. Si sumu! Ni fangasi, ndugu wa hamira ya mandazi, kila mmoja amevaa koti nene linalong'aa. Hutoka kwenye kinyesi cha njiwa. Kapteni aliwakuta njiwa katika nyumba ya yule Mhindi aliyefukuzwa, akajitwalia nyumba na njiwa wake. Jalia ndiye anayefagia banda lao.

Kinachonitisha ni hiki: chembe nyeupe za damu, walinzi wenyewe wa mwili, zinammeza fangasi huyu vizuri tu, lakini hafi. Nilimwona mmoja ndani ya chembe, anachipua. Anakaa humo, anazaa, anabebwa, na siku akitaka anatoka mzima.

Dawa yake inaitwa amfoterisini. Tangu Wahindi waondoke hakuna duka lenye nayo. Itafute, nakuomba. Nimemweleza Kapteni, naye tangu achomwe sindano ya mgongo haamini daktari yeyote. Amesema dawa nitamchoma mimi.

Mdogo wako,
Abubaker

Kibra, Nairobi
11 Machi 1974

Mdogo wangu Abubaker,

Waalaikum salaam. Watoto wazima, kikohozi kimehamia kwa shemeji yako, silali. Nimelia, halafu nimekasirika. Si nilikwambia usimpeleke wifi yangu jikoni kwa wale watu? Ukanijibu, "Dada, nyumba ya mkubwa ni kinga." Kinga gani hiyo, kichwa ngumu wewe?

Haya. Dawa nimeipata, usiniulize vipi. Wahabi anakuja nayo kwenye thamosi yenye barafu, ataishusha sokoni Kikuubo. Nesi rafiki yangu anasema ni unga wa njano, na mgonjwa akiwekewa dripu hutetemeka vibaya sana. Akitetemeka, ujue dawa ni ya kweli. Chupa ni hizo tu mpaka nitafute nyingine.

Na wifi yangu kafagia banda la njiwa walewale. Mwangalie.

Dada yako,
Fatumah

Nateete
2 Aprili 1974

Kwa dada,

Salaam nyingi, na pole kwa kukosa usingizi. Thamosi ilifika na barafu yake. Kapteni alitetemeka mpaka kitanda kikalia, akanitukana, lakini shingo ikalainika, akala. Nikamwombea Jalia ruhusa arudi nyumbani. Akacheka. "Musawo," ndivyo wanavyoniita, kana kwamba mimi daktari, "mpishi asiye na hatia aende wapi? Anaijua chai yangu."

Halafu Jalia akaniambia kichwa kinamuuma. Nikamwambia ainamishe shingo, ikagoma. Sikuhitaji hadubini. Nikamwomba Kapteni chupa moja tu. Akaniuliza, "Dawa yangu?" Nikaomba radhi.

Dada, sasa unga wa kweli anapata Jalia. Kapteni anapata maji ya glukosi niliyotia vitamini ya njano. Rangi ni ileile. Ananisifu! "Leo sikutetemeka, Musawo, umekuwa fundi." Nami najua fangasi waliojificha ndani ya chembe zake watatoka tena. Lini, sijui. Naogopa, dada, naogopa sana.

Jalia akitetemeka, mle chumba cha uani, namfunika, namkalia miguu kitanda kisilie. Jana sajini wa mlangoni alisimama dirishani. Akauliza kwa upole, "Musawo, mbona sasa anatetemeka mpishi, Mkubwa hatetemeki?" Nikasema malaria. Akaitikia, lakini hakuondoka upesi.

Ijumaa Wahabi anapakia Kikuubo. Tangu arudishwe jikoni, siku hiyo Jalia hutumwa sokoni kununua kuku. Tutakuja.

Mdogo wako,
Abubaker

Kibra
19 Mei 1974

Abubaker wa mama,

Salaam, popote ulipo. Jalia alifika chini ya turubai la Wahabi, peke yake. Shingo yake inageuka sasa, anakula, juzi alinicheka nilipounguza wali. Ameniambia ulichomwambia: "Tangulia. Nikikosekana kwenye dripu ya mchana, watakufuata barabarani." Mjinga wewe! Mjinga ninayempenda.

Wahabi amepita Nateete. Mlango wako una kufuli jipya. Jirani yako muuza mkaa alipoulizwa, aliinama akaendelea kupanga mkaa wake. Na juzi redio ya huko imetangaza kwamba Kapteni amefariki, ameuawa kwa sumu, na mhusika amekamatwa.

Nimepata chupa nyingine za dawa. Jalia akitetemeka namkalia miguu, kama ulivyokuwa ukifanya. Nimemwambia hapa apige kelele atakavyo, hakuna askari dirishani. Bado anauma shuka.

Wahabi atangoja jibu Kikuubo siku tatu. Andika hata neno moja.

Dada yako,
Fatumah