Picha za Harusi Yetu Zimepona

Hapana, mjukuu wangu Mireille, picha za harusi yetu hazikupotea kama ulivyoogopa! Hapa Bel-Air tuko wazima, nami nina furaha kama msichana. Umeme ulikatika wakati kompyuta yenye picha hizo ilikuwa inaweka mfumo mpya, kisha ikawa inajizima na kujiwasha bila kufunguka. Nikalia. Babu yako mpya akanishika mkono: “Chérie, mpenzi wangu, kama zimepotea, tutaoana tena.” Machozi yakakauka. Tukasoma polepole maandishi ya kwenye kioo cha kompyuta, tukachagua kurudi kwenye mfumo wa zamani. Ikafunguka, na picha zote zimo! Yeye akanuna: “Basi nimekosa harusi ya pili.” Mume gani huyu, jamani! Tutakuletea picha huko Kasumbalesa kabla mwezi huu haujaisha.