Plasta Mgongoni mwa Kaseti

Kawe, 12 Mei 1991

Mwanangu Twalib,

Assalaam alaykum. Sisi hapa nyumbani tu wazima, ila mama yako, ambaye mkono wake wa kulia haujarudi tangu alipopatwa na kiharusi mwezi wa pili. Anatembea, anakula, anagombana nami. Kalamu tu ndiyo imemshinda. Natumai nawe u mzima huko Moscow na masomo ya umeme yanaendelea.

Hataki niandike kwa niaba yake. Anadai kwamba nayanyoosha maneno yake mpaka yanakuwa yangu. Kwa hiyo tumemrekodi. Siku hizi maduka ya Kinondoni yamejaa kaseti, na jirani yetu Albano, fundi cherehani, ametuazima redio yake. Upande wa kwanza ni mama yako mtupu, nusu saa nzima. Upande wa pili ni dada yako Zubeda na majirani. Mwisho wa upande wa kwanza utasikia maneno yasiyo ya salamu, nilichelewa kuzima. Uyasamehe.

Mwenye duka alinionyesha vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Ukivivunja, mashine haikubali kurekodi tena. Nimevivunja vyote viwili kwa kisu. Anayekuletea ni Revelian, mwenzako, anayerejea chuoni kutoka likizo.

Baba yako

*

Moscow, 2 Julai 1991

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Dada Zubeda, habari za siku nyingi?

Mimi mzima. Kaseti imefika na nimeisikiliza mara sita. Jioni ya kwanza Watanzania wa hosteli nzima walikuja chumbani kwangu, wakakaa hadi juu ya meza. Mama aliponikumbusha nikaushe masikio baada ya kuoga, Rosalia anayesomea uuguzi alicheka, kisha akatoka nje kufuta machozi. Maneno yale ya mwisho, Baba, usiyaombee radhi. Revelian ameyashika, na kila akinikuta na redio ananisomea.

Mama, nakula. Mikate tunaipangia foleni, lakini tunaipata.

Mwanao

*

Moscow, 2 Oktoba 1991

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Hali zenu? Mkono wa Mama unaendeleaje?

Najua mlisikia redioni habari za vifaru vya wale waliotaka kuipindua serikali mwezi wa nane. Yameisha salama, nami sikutoka hosteli siku zile.

Nataka niwasimulie jambo nililoliona Jumamosi iliyopita, maana sidhani kama nitaliona tena. Katika uwanja wa ndege wa Tushino, pembezoni mwa mji, lilifanyika onyesho la muziki wa rock, ule mzito wa magitaa ya umeme. Kiingilio bure. Walisema ni zawadi kwa vijana waliosimama mbele ya vifaru. Zilikuja bendi za Metallica kutoka Marekani, AC/DC kutoka Australia, na nyinginezo. Miaka michache tu iliyopita watu hapa walikuwa wakiusikiliza muziki huo kwa kificho, kwa kanda zilizonakiliwa mpaka zikachakaa. Umati ule haukuwa na mwisho. Wapo wanaosema nusu milioni, wapo wanaosema zaidi. Helikopta zilikuwa zikipita juu. Askari walikuwa na virungu, na niliona vichwa vinavyovuja damu. Mrusi mmoja, nywele mpaka kiunoni, alinishika bega akalia bila kuniambia sababu.

Revelian akaniambia, "Braza, tukifa hapa, mzee wako hatajua hata pa kuanzia kuuliza."

Tulirudi kwa miguu. Masikio yangu bado yanavuma.

Mwanao

*

Kawe, 27 Oktoba 1991

Mwanangu Twalib,

Assalaam alaykum. Barua yako ya magitaa imefika juzi. Sijui kama simu ya maandishi niliyokupelekea ilifika, kwa hiyo naandika kana kwamba hujui.

Mama yako alifariki Ijumaa, tarehe 11, kabla ya adhuhuri. Alikuwa akichambua mchele kwa mkono wa kushoto. Chausiku, shoga yake, alikuwa naye barazani. Anasema marehemu alimwambia, "Hebu nishikie ungo," na hakusema tena. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Watu walikuwa wengi na mambo yalikwenda kwa heshima.

Usifikiri kuja. Maliza masomo, hayo yalikuwa mapenzi yake.

Nina ombi moja. Picha zake tunazo mbili. Sauti yake hatuna, isipokuwa hiyo uliyo nayo. Zubeda hali chakula vizuri, na kila siku ananiuliza kaseti itakuja lini. Mimi pia nauliza, ingawa simwambii. Mpe msafiri wa kwanza unayemwamini.

Baba yako

*

Kawe, 5 Januari 1992

Mwanangu Twalib,

Assalaam alaykum. Sisi tu wazima. Hii ni barua yangu ya tatu tangu msiba, na sijapata jibu hata moja. Redio inasema nchi uliyoiendea haipo tena, nami nilidhani posta yake nayo imekufa. Lakini Revelian amemwandikia dada yake kwamba upo, u mzima, na unaingia darasani.

Kwa hiyo si posta. Niambie ni nini.

Baba yako

*

Moscow, 26 Januari 1992

Baba, shikamoo.

Simu ya maandishi ilifika. Barua zako zote zilifika. Nimeanza kukujibu mara nyingi, na karatasi zote nimezichana.

Siku ile ya Tushino nilibeba redio ndogo ya Revelian ili nirekodi. Kaseti tupu hazikupatikana dukani. Niliyokuwa nayo ni moja. Nilibandika plasta, ile ya vidonda, juu ya matundu yote mawili uliyoyaacha ulipovunja vile vijimeno, na mashine ikakubali. Nilifanya hivyo hosteli, mezani, kabla ya kutoka, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba umati ndio ulionitia wazimu. Nilianza na upande wa Zubeda na majirani. Ulipojaa, bendi kubwa zilikuwa bado, nami nikageuza. Nilirekodi mpaka betri zilipokwisha.

Revelian aliniuliza, "Huo si upande wa mama?" Nikamjibu kwamba Mama yupo, atanirekodia mwingine.

Ndivyo nilivyosema, Baba. Mama yupo.

Tangu simu yako ifike sijaigusa kaseti hiyo. Siwezi kuisikiliza na siwezi kuitupa. Sina la kumwambia Zubeda. Wewe ulinifundisha kwamba mtu akikosa aseme kosa kwa jina lake: nimeifuta sauti ya mama yangu kwa muziki.

Mwanao, ukikubali bado niitwe hivyo

*

Kawe, 23 Februari 1992

Twalib,

Ilete hivyo hivyo ilivyo.

Baba yako

*

Kawe, 17 Mei 1992

Mwanangu Twalib,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima. Rosalia alifika hapa mwenyewe wiki tatu zilizopita, akanikabidhi kaseti mkononi, akakataa hata chai, nadhani kwa kuogopa kuwapo tukiisikiliza.

Barua yako niliisoma mara moja, na kwa muda mrefu sikutaka jina lako litajwe mezani. Nakuambia ili usidhani kwamba ilikuwa rahisi.

Redio ya Albano, ukibonyeza kitufe cha kupeleka mbele, inatafuna ukanda. Hatukuthubutu. Tulikaa mimi, Zubeda na Chausiku, tukausikiliza upande wa kwanza kutoka mwanzo. Chausiku aliuliza, "Mwalimu, hawa watu wanapigana?" Nikamjibu kwamba wanaimba. Akasema, "Haya, kama wewe mwalimu unasema." Nilitaka kuzima. Zubeda akanizuia mkono.

Zilipita dakika ishirini na nane. Mtu mmoja mwenye sauti ya kukwaruza alikuwa akipiga kelele, umati ukamwitikia, kisha ikasikika kama kitu kinadondoka. Halafu mama yako.

"Mwalimu, hiyo bado inazunguka? Zima basi, utamaliza betri za watu."

Nami nasema, "Nazima, nazima, hiki kitufe ni kigumu."

Naye anasema, "Si useme hujui." Anacheka. Inazima.

Hayo ndiyo yaliyobaki, yale ambayo nilikuomba uyasamehe. Salamu zote zimekwenda, na nasaha zote, na dua aliyokuombea kwa muda mrefu. Sitakudanganya kwamba yanatosha.

Siku hizi kila Ijumaa baada ya swala Zubeda anaiazima redio na tunakaa. Hatupeleki mbele. Majirani wamezoea, na Albano hukanyaga cherehani kwa kufuatisha ngoma zao. Zubeda ameshajua mahali, huniambia, "Baba, kaa vizuri, huyu wa kukwaruza akimaliza tu, Mama anakuja."

Kiingereza nakijua, lakini cha mtu huyo sikipati. Niandikie kwa Kiswahili anasema nini pale mwishoni, kabla ya umati kumwitikia. Anakaa nyumbani kwangu kila wiki, na si adabu kutomwelewa.

Mitihani yako ni mwezi ujao. Soma. Kausha masikio.

Plasta zako nimezibandua zote mbili.

Baba yako